Gari, Mwambie Mama

Mtu akitaka kununua gari kuukuu, alizunguke kwanza. Mimi sikulizunguka. Nilisimama mbele yake nikalitazama usoni, taa mbili za mviringo na bampa iliyopanguswa ikang'aa, nikalipenda papo hapo. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la zamani, lililoundwa wakati mimi bado ninavaa kaptula ya shule kule Kisauni. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara anayehama Lodwar, naye alikuwa ameliegesha matako ukutani. Siku hiyo nilidhani ni utaratibu wake tu wa kuegesha.

Nilipokabidhiwa ufunguo na kulitoa pale ukutani ndipo nikaona nilichonunua. Mbele lilikuwa limeinua pua, nyuma limechuchumaa. Kwa miaka mingi bwana yule alikuwa akilijaza magunia ya samaki wakavu kutoka Kalokol, mpaka springi za nyuma zikachoka. Springi za gari lile zilikuwa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, navyo vyatakiwa viwe vimepinda mfano wa upinde. Vyangu vilikuwa vimenyooka kama rula ya mwalimu. Juu ya hayo, harufu ya samaki ilikuwa imehamia kwenye viti ikakataa kutoka. Paka wote wa Lodwar walinifahamu. Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, nami nilikuwa nimekwisha kula.

Hata hivyo sikujali sana. Nilikuwa karani wa ofisi ya maji, kijana, sina mke, na nina gari katika mji ambao magari yote mengine yalikuwa ya serikali, ya misheni, au malori. Watu walinipungia mkono. Nilidhani wananisalimu mimi, kumbe wengi wao walikuwa wananionyesha ekzosi inayokwaruza chini.

Ubaya ulianza nilipopata mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Lodwar, msichana mwenye kicheko kikubwa na akili kunizidi. Baba yake, askari polisi kutoka Bungoma, alikuwa amefariki zamani. Mama yake alibaki Kakuma, akafungua hoteli ya chai na chapati, na hoteli ile ikamkubali. Mama yule alikuwa mtu wa haiba. Akiingia mahali, watu husogea bila kuambiwa, kwa heshima kwanza, na pia kwa sababu nafasi ilihitajika. Nasema hivi kwa upendo. Alikuwa mnene wa unene uliotulia, na hakuutolea mtu yeyote maelezo.

Na kwao kulikuwa na sheria ambayo sisi wa Pwani hatukuizoea. Kwetu mama mkwe unamwamkia, unakula kwake, unachekeshana naye. Kwao Bungoma, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Hawasemezani moja kwa moja, na kama kuna neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Mchumba wangu alinifundisha yote haya kabla ya siku ya posa, akanifanyisha na mazoezi, nikawa ninautazama ukuta wa nyumba yake huku nikisema, "Mwambie mama sijambo."

Posa yenyewe, kule Kakuma kwa mama, ilikwenda vizuri. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mama akakubali kwenda kanisani kwa gari la mkwe, yaani langu. Kutoka kwake hadi kanisa la misheni ni mwendo wa kutema mate, lakini alitaka watu waone. Alivaa kitenge kipya na kilemba. Mchumba wangu akakaa mbele pamoja nami, na mama akaingia nyuma, maana kukaa bega kwa bega na mkwe ni mwiko usiosemeka. Mimi nilikipindua kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia dari, nisije nikamwona uso.

Alipokaa, gari lilitoa sauti kama ya mtu anayeketi baada ya safari ndefu. Nikahisi usukani wangu unainuka kuelekea mbinguni. Nikaondoa gari. Nyuma yetu, ekzosi iliingia mchangani ikaanza kulima. Tulilima kutoka mlangoni kwake, tukapita sokoni, tukapita dukani kwa Msomali, hadi mlango wa kanisa. Mama aliposhuka, watu walikuwa wamejipanga pande mbili za ule mstari, wanaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Mama aliutazama mstari. Nilijua anautazama kwa sababu kilemba chake kiligeuka taratibu, na mimi nilikuwa nimeyakaza macho kwenye viatu vyake. Kisha akamwambia binti yake, nami niko hatua mbili tu:

"Mwambia mwenye gari. Harusi ni Lodwar, sawa. Mimi nitakuja na hii gari. Si lori, si Landrover ya Father. Hii hii. Aibu imetoka kwa hii gari, na hii gari ndiyo itaiondoa. Ikisimama na miguu yake, nitakuja. Ikichuchumaa, nitashuka, nirudi kwangu, na mtoto wangu arudi kwangu."

"Mwambie mama nimesikia," nikaviambia viatu.

Tulikuwa na wiki sita. Binti hakuwa mtu wa kumpinga mamaye, na sikumlaumu. Mama yule alimlea peke yake kwa chapati. Usiku ule mchumba wangu aliniambia waziwazi kwamba ananipenda, lakini kanisani hatasimama kama mama yake hayupo. Nikamwambia springi ni chuma tu, na chuma hunyooshwa. Yeye akasema yangu tayari imenyooka, taabu ni kuipinda.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nazo zilinijia wiki ile ya kwanza mfululizo. Niliagiza springi Kitale, nikajibiwa kwamba za gari la namna ile hawajaziona tangu Mwingereza aondoke. Dereva mmoja wa lori akanishauri niweke kipande cha gogo la mkoma kati ya ekseli na bodi. Nikaweka. Gari likainuka kweli, likasimama imara kama kabati, na kila jiwe la barabara likapanda moja kwa moja hadi kwenye meno yangu. Siku ya tatu gogo lilichomoka karibu na ofisi ya mkuu wa wilaya likamkosa mbuzi kidogo. Nikaona ya gogo basi.

Ndipo nikaenda kwa mfua visu. Kando ya barabara ya Kalokol palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake Mturkana mmoja wa makamo, mkavu, mwenye tumbaku shavuni na dharau nyingi. Alitengeneza vile visu vya duara ambavyo Waturkana huvivaa mkononi kama bangili. Chuma chake kilikuwa kimoja tu: springi za malori zilizovunjika. Barabara za Turkana zilivunja springi kila wiki, na zote mwishowe zilifika kwake. Kazi yake, kwa miaka yote ile, ilikuwa kuziua springi. Mimi nilikwenda kumwomba afufue.

"Ejok," nikamwamkia.

"Ejok nooi. Wewe nataka kisu?"

"Nataka springi."

Akatema tumbaku. "Springi nakuja hapa nakufa, natoka kisu. Kisu hakuna kurudi springi."

Nikamwonyesha gari. Alilizunguka, jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya tangu mwanzo, akapiga magoti, akachungulia chini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, alikuwa na sura ya mtu aliyetukanwa na kazi mbovu. Akasema chuma kipo, kipande kizuri cha lori, angekikata kwa kipimo, akipinde, akiongeze chini ya vile vingine kila upande. Visu vya watu vitangoja. Lakini kwanza akauliza, "Mzigo gani?"

"Mtu mmoja."

"Mtu moja haiwezi kulalisha gari."

"Huyu anaweza."

"Nani?"

"Mama mkwe."

Aliweka nyundo chini. Waturkana nao wana heshima zao za ukweni, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza zaidi. Alifikiri, kisha akanipa somo ambalo fundi yeyote wa Mombasa angelipokea bila aibu. Alisema springi ni kama tandiko la punda. Punda hafungwi tandiko bila mzigo. Ukifunga kavu, ukija kupakia, mzigo utalala upande mmoja, na punda ataketi njiani. Springi vilevile atazipinda kidogo, atazifunga, ataweka mzigo, atazitazama, atazifungua, atazipinda tena, hadi gari likae sawa na mzigo wake mgongoni. Kwa hiyo mzigo lazima uwepo.

"Leta mama," akasema.

"Haiwezekani."

"Basi leta uzito yake."

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kununua gari bila kulizunguka. Jioni ile nilimuuliza mchumba wangu, kwa sauti ya kawaida, kama anajua mama yake ana kilo ngapi. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mama si mzito. Mama ana mifupa mikubwa." Nikamuuliza mifupa hiyo, kwa kukisia, ina kilo ngapi. Siku nyingine mbili zikapita.

Nikarudi kwa mfua visu mikono mitupu. Yeye hakushangaa. Kumbe alimjua mama, maana alikuwa akienda Kakuma kutafuta vyuma na hunywa chai pale hotelini. Alifumba macho, akainua mikono miwili mbele yake kama anayemnyanyua mtu hewani, akasema bila kusita:

"Mbuzi saba. Na mizigo yake."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu yule alikuwa amenunua, ameuza na amebeba mbuzi maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa mizani. Akaenda nyuma ya kibanda kuwaleta mbuzi wake, akawahesabu, akawashika mbavu mmoja mmoja, akakunja uso.

"Hii ni mbuzi ya jua," akasema. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, na mbuzi wote wa Turkana walikuwa mifupa na masikio. "Mimi nasema mbuzi ya mvua. Saba ya mvua ni tisa ya jua."

Tukawapakia tisa. Sita kwenye kiti cha nyuma, watatu kwenye buti. Sitaki kueleza kazi ile kwa urefu, maana hata leo nikikumbuka natoka jasho. Ukimwingiza huyu, yule anatokea dirishani. Mmoja mweupe alikaa kitini vizuri, bega kwenye egemeo, akatazama mbele kama mkaguzi wa shule. Mwingine alikula kitambaa cha kiti, na nadhani ndiye mbuzi wa kwanza duniani kuonja samaki. Watu walijaa. Karani mwenzangu aliniuliza kama nimehama ofisi ya maji nikaenda ya mifugo.

Siku nne fundi alipinda, akafunga, akapakia, akatazama, akapakua, akapinda tena. Chuma alikichoma kikawa chekundu, akakipiga, akakitosa kwenye mafuta ya kondoo, moshi ukatufukuza sote. Siku ya nne alilala kifudifudi mchangani, jicho moja amelifumba, akalitazama gari kwa ubavu likiwa na mbuzi tisa ndani. Lilikuwa sawa kabisa. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya paa lake. Tulishikana mikono, na mimi nikamwita mhandisi.

Kisha tukateremsha mbuzi.

Gari liliinuka nyuma, likaendelea kuinuka, na lilipokoma lilikuwa limeinama kama kuku anayedonoa mtama. Taa zake za mbele, nilizozipenda, zilikuwa zinatazama vidole vyangu vya miguu. Nikaingia. Nikateleza kwenye kiti hadi kifua kikagusa usukani. Nikatoka nikiwa mkali, nikamuuliza fundi hii ni nini.

"Hiyo inangojea mama," akasema, akarudi kwenye visu vyake.

Alhamisi kabla ya harusi nilianza safari ya Kakuma peke yangu, alfajiri. Mchumba wangu alibaki na shughuli za harusi. Ilikuwa imepangwa kwamba mama mmoja wa kanisa la Kakuma atasafiri nasi, awe mtu wa tatu wa kutupitishia maneno. Njia nzima niliendesha nikiwa nimekaza miguu nisiteleze, na kila nilipovuka lagga, ile mito ya mchanga isiyo na maji, pua ya gari ilitaka kuchimba. Wachungaji walisimama kwa mguu mmoja wakaniangalia nikipita. Kwa mara ya kwanza gari langu lilikuwa likinusa ardhi badala ya mbingu.

Nilipokaribia Kakuma ndipo wazo liliponijia. Mwezi uliopita gari lilichuchumaa, likamwaibisha mama kwa kuonyesha uzito wake. Sasa lilikuwa limebinuka, tupu, mchana kweupe, na mtu yeyote mwenye akili angejiuliza limebinuliwa hivyo kwa ajili ya kubeba nini. Nilikuwa naleta sokoni tangazo la uzito wa mama mkwe wangu, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilitamani kugeuza. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Walikuwa wananingoja. Soko zima. Mama alitoka hotelini na kitenge kilekile, nyuma yake sanduku, gunia la mchele, sufuria kubwa mbili na kuku wawili waliofungwa miguu. Nikatazama chini. Kisha nikapata habari ya pili: yule mama wa kanisa alikuwa amelala na malaria, hasafiri. Mtu wa tatu hakuna.

Viatu vya mama vilianza kulizunguka gari. Vilipita mbele, ubavuni, vikafika nyuma, vikasimama. Vilisimama sana. Sokoni palikuwa kimya hata nikasikia kuku wakipumua. Nilijua pale ndipo harusi yangu ilipo, pale kati ya viatu vile na bampa ya nyuma.

"Gari," mama akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini alikuwa ameweka kiganja juu ya buti, na alikuwa akilisemesha gari.

"Gari, uliza mwenye wewe. Hii matako imepandishwa juu ya nani?"

Alikuwa amepata mtu wa tatu.

"Gari," nikasema, "mwambie mama umepandishwa kwa heshima."

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Mizigo ikaingia butini, kuku wakaingia, halafu mama akaingia. Gari likashuka. Lilishuka polepole, likinguruma kwa chini, na mimi nikawa nasali sala zote nilizofundishwa na nyingine za kutunga. Likashuka, likakoma. Nikainama kutazama. Lilikuwa sawa kabisa. Mikono ya mfua visu haikukosea hata mbuzi mmoja.

Nikaingia, nikakipindua kioo kiangalie dari, tukaondoka. Nyuma yetu mchanga ulikuwa na alama za magurudumu tu. Watu waliutafuta mstari, hawakuuona, na mzee mmoja dukani akapiga makofi. Nilisikia kiti cha nyuma kikitoa pumzi ya mtu aliyeridhika.

Furaha yangu ilidumu hadi tukaipa mgongo milima ya Pelekech. Huko, mahali pasipo nyumba wala kivuli, mama alisema, "Gari, simama."

Nikasimamisha. Nikasikia mlango unafunguka, gari likainuka nyuma, nami nikateleza hadi usukani. Mama alikuwa amesimama barabarani. Katika kiganja chake, nilichokiona kwa pembe ya jicho, palikuwa na vitu vidogo vyeusi vya mviringo. Nilikuwa nimesugua kile kiti kwa sabuni mara tatu, lakini mbuzi ni mbuzi.

"Gari," akasema. "Hapa kwa kiti yangu, nani alikaa?"

Uongo ulinijia mwingi, mzuri, wa Kipwani. Lakini nilimfikiria yule msichana kule Lodwar anapiga pasi gauni, na nikachoka kuogopa.

"Gari, mwambie mama kweli. Walikaa mbuzi. Tulikuwa tunapima springi."

"Muulize, mbuzi ngapi."

"Mwambie tisa."

Upepo ulipita. Kuku mmoja alilia butini. Kakuma ilikuwa nyuma, si mbali mno, na mama alikuwa na miguu yake na hasira yake. Nilishika usukani nikiangalia mbele, na nilijiambia kwamba akianza kutembea nitamfuata kwa gari taratibu hadi kwake, kisha nitarudi Lodwar kumweleza mchumba wangu kwamba nimeshindwa kwa sababu ya mavi ya mbuzi.

"Gari," mama akasema. "Muulize. Ilikuwa mbuzi ya mvua, ama mbuzi ya jua?"

"Mwambie ya jua," nikasema. "Ya jua, mama! Mifupa mitupu!"

Katika hofu nilikuwa nimesahau kupitia kwa gari. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kabla. Mama alikuwa anacheka. Alicheka kile kicheko kikubwa cha binti yake, sasa nikajua kilikotoka, akacheka hadi akashika paa la gari, na gari likacheka naye, likapanda na kushuka kwenye springi zake mpya. Akaingia. Gari likakaa sawa.

"Gari," akasema, akijifuta machozi, "mwambia mtoto wangu twende. Tutachelewa."

Mtoto wangu. Nililia kidogo pale mbele, sioni aibu kusema, na kwa bahati kioo kilikuwa kikiangalia dari.

Tulioana Jumamosi ile. Mfua visu alikuja, amepaka mafuta, akasimama nyuma ya kanisa, akilitazama gari zaidi ya kututazama sisi.

Baada ya hapo gari liliishi maisha ya ajabu. Likiwa tupu lilibinuka, kwa hiyo nilitafuta mawe mawili makubwa pale mtoni Turkwel nikayaweka butini, likawa sawa siku za kawaida. Kila tulipokwenda kumchukua mama, niliyatoa mawe nikayaacha mlangoni. Nilikwenda nimebinuka, nikarudi nimesawazika. Alipenda kukaa nasi, hasa baada ya mtoto wa kwanza. Na daima, hata mke wangu akiwemo ndani, mama aliendelea kutumia gari. "Gari, mwambia mtoto wangu apunguze mbio." "Gari, muulize hii shati alinunua akiwa macho?" Ilikuwa sheria yetu, mimi na yeye, na sikuwahi kuona uso wake sawasawa hata siku moja. Nilimjua kwa viatu, kwa kilemba, kwa kicheko, na kwa ile sauti springi zilipompokea.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikwenda Kakuma peke yangu kumchukua kama kawaida. Ilikuwa imepita miezi mingi, barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Niliyatoa mawe, nikaenda. Viatu vilikuwa vilevile. Alivaa vitenge vitatu kimoja juu ya kingine, nikadhani ni baridi ya asubuhi. Sanduku likaingia, gunia, sufuria, kuku. Nikatazama pembeni, kama inavyotakiwa. Akaingia, akafunga mlango.

Nikangoja ile sauti.

Haikuja. Gari lilishuka kidogo, kwa ajili ya gunia na sanduku, likabaki limebinuka. Niliteleza nikagusa usukani kwa kifua. Nikakaa hivyo, mkono kwenye ufunguo, sikuuzungusha. Mama naye alikuwa ameisikia ile sauti isiyokuja.

"Gari," akasema polepole, "usimwambia kitu."

Nilishika kile kioo kilichokuwa kimetazama dari miaka yote ile. Nikakiteremsha, nikamtazama mama usoni. Naye akaniangalia, hakugeuka.

"Mama," nikasema, "limeshaniambia."

Nikawasha gari. Hatukwenda nyumbani, tulikwenda hospitali ya Lodwar, na niliendesha polepole kwa sababu springi zilikuwa ngumu mno kwake.